Huu Nimekuwekea Wewe

Ukinitumia linki kumi kwa mkupuo, nitakushukuru na sitafungua hata moja. Ukinitumia moja, ukaandika chini yake, "Huu usikilize ukishafunga duka, usiwe na haraka, ubeti wa pili umenikumbusha yale uliyoniambia kuhusu baba yako," nitaufungua siku hiyohiyo, na huenda nikakaa nao mwaka mzima. Huu wa pili mtu ameuchagua akinifikiria mimi. Kwangu hiyo ndiyo nusu ya wimbo.

Muziki ninaousema hapa ni ule ambao wenyewe huuita indie folk. Gitaa kavu, sauti moja isiyopiga kelele, labda fidla au kinanda kwa mbali. Aghalabu umerekodiwa chumbani, jikoni au kwenye kibanda cha msituni, na msanii hana kampuni kubwa ya kumlipia matangazo. Kwao ni Marekani na Uingereza. Huku kwetu hauchezwi kwenye daladala, hauchezwi harusini, na redio haziugusi. Mimi naishi Njombe, nina steshenari karibu na stendi, na kuanzia Juni baridi ya hapa inaingia mpaka kwenye mifupa. Wateja wanakuja wamevaa boshori na makoti mawili mawili, wanapuliza viganja huku wakisubiri kopi za vyeti, na kwenye spika ndogo za kompyuta kuna mtu wa Wisconsin anaimba kwa sauti ya chini. Kwa masikio yangu vinaendana kabisa.

Marafiki ninaobadilishana nao nyimbo hizi tulijuana mtandaoni, na hatujawahi kuonana uso kwa uso. Yupo dada wa Muscat, ambaye bibi yake alizaliwa Unguja. Kiswahili chake amekipata jikoni kwa bibi huyo, na kimejaa "jamani" na "mwanangu". Yupo kaka wa Kisii anayefanya kazi za usiku kwenye ghala huko Minnesota, Marekani. Yupo binti wa Lubumbashi anayesomea uuguzi, ambaye kwa kuwa nimemzidi umri ananiita yaya, yaani dada mkubwa kwa Kiswahili cha kwao. Tunaandikiana, lakini zaidi tunatumiana sauti. Kwenye sauti hizo nasikia adhana ya Muscat, nasikia mashine ya mizigo ikipiga king'ora cha kurudi nyuma ghalani, nasikia jenereta la jirani likigoma kuwaka Lubumbashi. Nimewajua watu hawa kwa kusikia kilicho karibu nao.

Mtu akiniuliza kwa nini nashikilia sana jambo la wimbo mmoja kwa mtu mmoja, huwa namwanzia na Sibylle Baier. Ni Mjerumani. Akiwa bado kijana alipitia kipindi cha huzuni nzito, na rafiki yake mmoja akamtoa kitandani, wakaingia barabarani, wakavuka milima ya Alps mpaka Genoa nchini Italia. Kutokana na safari hiyo akatunga wimbo wake wa kwanza. Kati ya 1970 na 1973 akarekodi nyimbo zake nyumbani kwa tepu, yeye na gitaa lake tu. Hakuzipeleka popote. Alitokea kidogo kwenye filamu moja ya Wim Wenders, baadaye akahamia Marekani, akalea watoto wake, na zile tepu zikabaki ndani.

Ilipita miaka thelathini hivi. Mwanawe wa kiume akazikusanya nyimbo kwenye CD ili awape ndugu zao wawe nazo kama kumbukumbu ya familia. Nakala moja akampa J Mascis, mpiga gitaa wa bendi ya Dinosaur Jr., mtu ambaye muziki wake mwenyewe ni wa magitaa ya umeme yanayounguruma. Mascis akaifikisha kwa lebo ndogo, yaani kampuni ya kutoa rekodi, iitwayo Orange Twin, na mwaka 2006 albamu ikatoka kwa jina la Colour Green. Fuata mnyororo huo wote: rafiki kamtoa rafiki kitandani, mama kaimba chumbani, mtoto kawapa ndugu, mwanamuziki kampa mwenye lebo. Kila mmoja wao alikuwa na mtu fulani akilini. Kama hata mmoja angesema "nani atasikiliza haya", mimi wa Njombe nisingemjua Sibylle Baier.

Na ukimsikiliza utasikia kwamba hakuwa akiimbia umati. Sauti iko karibu sana, pumzi zinasikika kabla ya neno, vidole vikihama kwenye nyuzi vinakwaruza. Huwa nawaambia watu wamsikilize wakiwa peke yao. Wimbo wa aina hii ukiupigia watu wanne sebuleni, kila mmoja anatazama simu yake; mmoja mmoja, wote wanne wangeupenda.

Connie Converse naye ana habari inayofanana na hiyo, ila yake inauma. Alizaliwa New Hampshire mwaka 1924, akahamia New York, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 akawa anatunga nyimbo zake na kujirekodi mwenyewe. Tepu alizokuwa akitengeneza alimtumia kaka yake, Philip. Mtengenezaji wa katuni Gene Deitch alimrekodi nyumbani kwake, na mwaka 1954 Connie akatokea kwenye kipindi cha asubuhi cha televisheni ya CBS. Hakuna kilichofuata. Mwaka 1961 aliiacha New York akaenda Ann Arbor, Michigan, aliko kaka yake. Agosti 1974, akiwa ametimiza miaka 50, aliwaandikia ndugu na marafiki barua za kuaga, akapakia vitu vyake kwenye Volkswagen, akaondoka. Hajaonekana tena hadi leo.

Mwaka 2004 Deitch, mzee sasa, alialikwa kwenye kituo cha redio cha WNYC jijini New York akapiga mojawapo ya zile rekodi. Kijana mmoja aliyekuwa akisikiliza, Dan Dzula, hakuweza kuuacha wimbo ule upite. Akaanza kuzisaka nyingine, na mwaka 2009 ikatoka albamu ya How Sad, How Lovely. Miaka zaidi ya hamsini baada ya kurekodiwa! Nilipomtumia dada wa Muscat pamoja na maelezo haya, alikaa kimya mchana kutwa, kisha ikaja sauti fupi: "Jamani. Kwa hiyo kaka yake ndiye aliyekuwa redio yake."

Ndiyo. Na nadhani nyimbo hizi zinasikika jinsi zinavyosikika kwa sababu hiyohiyo. Mtu anayemwimbia kaka yake haimbi kama mtu anayewaimbia watu asiowajua.

Hata Nick Drake, Mwingereza ambaye leo ni jina kubwa, alipita njia hiyo. Albamu zake tatu, za kati ya 1969 na 1972, hakuna iliyouza zaidi ya nakala 5,000 zilipotoka. Alifariki Novemba 1974 akiwa na miaka 26. Watu wengi husimulia tangazo la gari la mwishoni mwa miaka ya 1990 lililompa wasikilizaji wapya, na ni kweli liliwaleta kwa wingi. Mimi kinachonigusa zaidi ni wazazi wake. Vijana waliompenda walikuwa wakifunga safari hadi kijijini kwao, Tanworth-in-Arden, na wazazi waliwakaribisha ndani, na baba akawapa wengine kaseti zenye nakala za nyimbo alizokuwa amezirekodi mwanawe nyumbani. Mzazi aliyefiwa anafungua mlango kwa mgeni na kumpa kaseti mkononi. Sijui kama kuna njia bora zaidi ya kumpendekezea mtu wimbo.

Programu za muziki za kwenye simu nazitumia kila siku, na wasanii wengi nimewajulia humo. Zinajua vizuri sana kupanga vinavyofanana: ukisikiliza gitaa la taratibu, zinakuletea gitaa lingine la taratibu, na jingine, hadi usingizi. Lakini hazijui kwamba binti wa Lubumbashi ana mtihani wa anatomia kesho asubuhi, na hazijui kwamba kaka wa Minnesota anatoka kazini saa kumi na mbili asubuhi, theluji ikiwa imefunika gari, na kwamba saa hiyo hataki maneno mengi. Mimi najua. Kwa hiyo yeye namtumia nyimbo zisizoimbwa, gitaa tupu, naandika tu: "Za kuwashia gari."

Kuna namna ya kutuma ambayo nimeizoea. Natuma sauti tupu badala ya video, kwa sababu bando si la kuchezea, na binti wa Lubumbashi hununua megabaiti kwa mahesabu. Naandika mistari miwili au mitatu: ni nani anaimba, alirekodia wapi, na kwa nini nimekumbuka wewe. Habari ya alikorekodia siiruki kamwe. Ukijua kwamba Justin Vernon, yule mwimbaji wa Bon Iver, alikuwa ameachana na bendi yake ya awali na mpenzi wake, akiwa anaugua, akaenda kujichimbia kwenye kibanda cha baba yake cha uwindaji huko Wisconsin majira ya baridi ya 2006 kuingia 2007, basi zile sauti zilizopandana moja juu ya nyingine unazielewa: ni mtu mmoja, anajiitikia mwenyewe. Ila sisemi wimbo utamfanyia nini. "Huu utakuliza" ni maneno mabaya ya kumtangulizia mtu. Anabaki anasubiri machozi badala ya kusikiliza.

(Dada wa Muscat, kwa taarifa, hampendi Bon Iver. Anasema anaimba kama mtu anayeogopa kuamsha nyumba. Tumebishana juu ya hili mara nyingi na hakuna aliyehama alipo. Mimi nasema ndiyo uzuri wake.)

Wakati mwingine wimbo unampata mtu ambaye hujamtumia. Siku moja nilikuwa napiga albamu ya Sufjan Stevens ya mwaka 2015, Carrie & Lowell, dukani, taratibu tu. Alikuwepo mama mmoja aliyeleta kadi ya kliniki ya mjukuu wake nitoe kopi. Kiingereza, kwa maneno yake mwenyewe, alikiachia darasa la saba. Mashine ikatoa kopi, nikamkabidhi, hakuondoka. Akauliza, "Huyu anamlilia nani?" Nikamwambia, anamlilia mama yake. Carrie alikuwa mama yake Sufjan, aliiacha familia mtoto akiwa mdogo sana, wakawa naye majira machache ya kiangazi huko Oregon, na alifariki Desemba 2012. Lowell ni baba wa kambo, ambaye alibaki karibu na Sufjan hata wakaanzisha lebo pamoja. Mama yule akavuta stuli. "Alimwacha, na bado anamlilia," akasema, akasikiliza wimbo hadi mwisho, akanilipa mia mbili yake, akaenda zake. Tangu siku hiyo sikubali mtu aniambie kwamba muziki huu si wa watu wetu.

Na wapo watu wetu waliouingia wakaufanya wao. Kaka wa Minnesota ndiye aliyenitumia J.S. Ondara, kwa furaha ambayo ilinifanya nimsikilize kabla hata sijafungua geti la duka. Ondara ni mtoto wa Nairobi, aliyezaliwa 1992. Akiwa kijana alibishana na mwenzake kuhusu wimbo mmoja aliodhani ni wa Guns N' Roses, akaambiwa ni wa Bob Dylan, yule mkongwe wa folk wa Marekani, wakawekeana dau, akashindwa. Kushindwa huko kukamfungulia Dylan mzima. Mwaka 2013, baada ya kupata bahati nasibu ya green card, akahamia Minneapolis, kwa kuwa Minnesota ndiko Dylan alikozaliwa. Gitaa alijifunzia hukohuko. Mwaka 2019 akatoa albamu ya Tales of America, ikapendekezwa kuwania Grammy katika kundi la Americana, muziki wa Kimarekani wenye mizizi ya folk.

Sauti yake ni nyembamba, inapanda juu mahali ambapo humtarajii, na kuna nyimbo anaimba bila chombo chochote. Kaka wa Minnesota alinitumia maelezo marefu kuliko kawaida yake: "Dada, huyu anaimba kuhusu hapa ninapoishi. Basi lile, baridi ile, ile hali ya kupiga simu nyumbani ukasema mambo ni shwari." Mimi sijawahi kufika Marekani. Lakini baada ya kumsikiliza Ondara kwa masikio ya kaka huyu, nilianza kumuuliza maswali ambayo sikuwa nimewahi kumuuliza: unakula nini usiku ghalani, nani anajua ukiumwa. Urafiki wetu ulikuwa wa nyimbo. Tangu hapo ukawa na habari za maisha pia.

Binti wa Lubumbashi ndiye aliyenigeuzia meza. Nilikuwa nimemtumia Iron & Wine, jina la kisanii la Sam Beam, zile nyimbo za kwanza ambazo alizirekodi nyumbani wakati akifundisha mambo ya filamu Miami, zilizotoka 2002. Akasikiliza, akajibu: "Yaya, mzuri. Lakini hivi vidole navijua. Sikia huyu mzee wa kwetu." Akanitumia Masanga, wa Jean-Bosco Mwenda, Mwenda wa Bayeke, mtu wa Katanga. Mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 huko Jadotville, mji unaoitwa Likasi leo. Gitaa moja kavu, kidole gumba na cha shahada tu, na unaweza kuapa kwamba wako wawili: gumba linashika besi chini, cha shahada kinacheza juu, na kati yao kuna pengo dogo linalokufanya utikise kichwa. Alipiga enzi hizo Nairobi pia, na mwaka 1969 akasimama kwenye jukwaa la tamasha la Newport kule Marekani, jukwaa lenye jina kubwa katika muziki wa folk.

Niliupiga wimbo ule mpaka mteja mmoja akaniomba nimwekee kwenye memori kadi. Ninachotaka kusema ni hiki: nilikuwa nikiwapa marafiki zangu muziki wa ugenini kwa mapenzi yangu yote, na mmoja wao akanirudishia wa kwetu, uliopigwa Katanga nusu karne kabla ya huyo wa Miami. Siku hizi nikimtumia mtu Nick Drake, namwekea na Mwenda pembeni, asikilize vidole vya wote wawili. Hapo ndipo mtu anaacha kuona ni muziki wa Wazungu wenye huzuni.

Kuhusu huzuni, kuna jambo nalichunga sana. Nyimbo hizi nyingi ni za msiba, za kuachwa, za mtu aliyeondoka. Mwaka uliopita kaka wa Minnesota alifiwa na mama yake huko Kisii, na kwa sababu ya karatasi zake hakuweza kusafiri kwenda kuzika. Sote tulikuwa na nyimbo za kumtumia. Nafikiri kila mmoja alishaichagua yake. Tukashauriana, na dada wa Muscat, ambaye ndiye mkubwa wetu, akasema hapana, kwanza tumpe pole kama watu, kwa sauti zetu wenyewe. Tukachanga, tukatuma rambirambi kwa simu. Kisha nikamwandikia: "Kaka, ukitaka wimbo, nipo. Ukitaka kimya, pia nipo." Akajibu, "Kimya kwanza." Wiki zikapita. Alipouliza mwenyewe, hakutaka wimbo wa msiba hata kidogo. Alitaka Vashti Bunyan, yule Mwingereza aliyeondoka London mwaka 1968 kwa mkokoteni wa farasi akielekea visiwa vya Scotland, akaimba juu ya mashamba na farasi na jua, albamu ikatoka 1970 bila mtu kuinunua, akaacha muziki kabisa na kulea watoto. Ya pili aliitoa 2005, miaka 35 baadaye, baada ya kugundua kuwa watu walikuwa bado wanamtafuta. "Nipe huyo aliyerudi," kaka akasema. Kama ningemtumia nilichokichagua mimi wakati wa msiba, nisingejua alichokuwa anakihitaji.

Na pesa? Wasanii hawa wengi wanaishi kwa kidogo, na kusikiliza bure hakuwafikishii kitu cha maana. Kwenye tovuti ya Bandcamp unaweza kununua albamu moja kwa moja na sehemu kubwa ya fedha inamfikia msanii. Mimi nalipa kwa kadi ya mtandaoni ya kampuni ya simu. Mara mojamoja sisi wanne tunanunuliana: mmoja akifaulu mtihani, akipona, akipata mtoto, tunamtumia albamu badala ya kadi ya pongezi. Binti wa Lubumbashi akihitimu, yake tayari imechaguliwa, na hapa siitaji.

Wiki hii zamu ni yangu, na nimechagua Adrianne Lenker, yule mwimbaji wa bendi ya Big Thief. Mwaka 2020 ziara ya bendi yake ilikatizwa na korona, akaenda kwenye kibanda cha chumba kimoja huko Massachusetts, akiwa ametoka kuachana na mpenzi, wakamrekodi kwa mashine ya tepu. Albamu inaitwa songs, kwa herufi ndogo. Nimeandika hivi: "Huu ni wa Jumapili, mkiwa mnapika. Msiongeze sauti sana, mtawakosa ndege. Alirekodi huku wanalia nje, na hakuwaondoa." Dada wa Muscat ameshanitumia sauti tatu, mfululizo, akitaka kujua ni ndege gani.